Kenya, Uganda na Zaire walipodai kipande chao cha anga la setilaiti: walikuwa wanaota?

Chukua setilaiti ya nyuzi 36 mashariki, ile ambayo madishi ya DStv huku kwetu yanaitafuta. Imekaa juu ya ikweta, kilomita 35,786 kwenda juu, na kama ungeweza kushusha uzi kutoka pale iliko mpaka chini ungetua Bonde la Ufa, maeneo ya Nakuru hapo. Mwenyewe ni Eutelsat, kampuni yenye makao Paris. Zile Astra za 28.2 mashariki zinazowarushia Waingereza Sky yao, uzi wake unatua Congo, msituni mashariki ya Kisangani. Arabsat ya 26 nayo inatua Congo, na ile ya 30.5 inatua Uganda. Kodi ya kiwanja inayolipwa Nairobi, Kinshasa au Kampala kwa hizo setilaiti kukaa hapo ni sifuri, na kwa sheria zilivyo saivi usitegemee itakuja kulipwa.

Wengi hawajui kwamba kuna wakati wazee wetu waliidai. Tarehe 3 Desemba 1976 wajumbe wa nchi za ikweta walikaa Bogotá, Colombia wakatoka na azimio. Walikuwepo Colombia wenyewe, Ecuador, Brazil, Indonesia, Congo ya Brazzaville, Zaire ya Mobutu, Uganda ya Amin na Kenya ya Mzee Kenyatta. Azimio lilisema ile obiti ambayo setilaiti inazunguka kwa mwendo sawasawa na dunia mpaka inaonekana imesimama sehemu moja, wataalamu wanaiita jiosteshenari, kile kipande kilicho juu ya ardhi ya nchi ni mali ya hiyo nchi, ni rasilimali kama madini, na anayetaka kuweka setilaiti yake hapo aombe ruhusa kwanza. Kupita tu ruksa. Kukaa, hapana.

Dunia ilicheka. Marekani walikataa, Wasovieti walikataa, Ulaya walikataa, na ujue hiyo ilikuwa vita baridi, kuwakuta Washington na Moscow wako upande mmoja haikuwa jambo la kila siku. Vitabu vingi vya sheria ya anga vinalipitia hilo azimio kwa aya moja ya kejeli alafu vinaendelea na mambo mengine. Mi naona kejeli ile ni ya uvivu, ila pia sikubaliani na hawa ndugu zetu wa siku hizi wanaoandika kwamba Afrika iliporwa anga lake, maana kuna mambo wanayaruka. Twende nayo pande zote.

Ili uelewe hasira ya 1976 inabidi urudi kwenye setilaiti zenyewe za kwanza. Wazo la obiti hii lilishaandikwa na Arthur C. Clarke mwaka 1945 kwenye jarida la Wireless World, kwamba setilaiti tatu tu zikipangwa vizuri juu ya ikweta zinaweza kuunganisha karibu dunia yote. Miaka kumi na kitu baadaye ikaja vita ya mainjinia. AT&T, wakubwa wa simu Marekani, walikuwa wanapendelea setilaiti za chini chini, walirusha Telstar Julai 1962 na ikafanya kazi, tatizo ni kwamba setilaiti ya chini inachomoza na kuzama baada ya dakika chache kwaiyo unahitaji makumi ya hizo setilaiti na madishi ghali yanayozikimbiza angani muda wote. Upande wa pili kulikuwa na Harold Rosen na wenzake wawili watatu pale Hughes Aircraft, wao wakasema hapana, tuiweke juu kabisa isimame. AT&T wakasema sauti itachelewa sana watu hawataweza kuongea. Na kweli inachelewa, kama robo sekunde kwenda na robo nyingine kurudi, waliowahi kupiga simu Ulaya kabla ya mikongo ya baharini kufika wanaijua ile, wote mnaongea kwa pamoja, alafu wote mnanyamaza kwa pamoja, alafu "haloo? haloo?" na hela inakwenda.

Syncom ya kwanza, setilaiti ya hao Hughes, ilipotea Februari 1963. Ya pili ikapanda Julai 1963 ikakaa. Na hapa pana kitu ambacho hata Waafrika wenyewe tumekisahau: simu ya kwanza ya wakuu wa serikali kupitia setilaiti ya aina hii, tarehe 23 Agosti 1963, ilikuwa kati ya rais Kennedy akiwa Washington na waziri mkuu wa Nigeria, Sir Abubakar Tafawa Balewa, akiwa Lagos. Afrika ilikuwepo mwanzoni kabisa! Ila angalia ilivyokuwepo. Kituo cha kupokea upande wa Lagos kilikuwa kwenye meli ya Wamarekani, Kingsport, imetia nanga bandarini na dishi lake mgongoni. Maongezi yakaisha, na dishi lilikuwa la meli, meli ikiondoka nalo linaondoka.

Mwaka 1964 Syncom 3 ikarusha Olimpiki ya Tokyo, na Agosti mwaka huo huo ikaundwa Intelsat, ushirika wa kimataifa wa kumiliki hizi setilaiti kwa pamoja. Kwa karatasi ni ushirika, ila hisa zilipangwa kwa makadirio ya nani atatumia zaidi, na kampuni ya Marekani, Comsat, ilianza na asilimia 61, na hapo hapo ndo ikawa meneja wa shughuli zote. Kura zikaenda na hisa. Huhitaji hesabu ndefu kujua nani alikuwa anaamua.

Alafu ikaja Early Bird yenyewe, Intelsat ya kwanza, ilirushwa tarehe 6 Aprili 1965. Kadude kenyewe kana uzito usiofika kilo 40, kanapitisha simu 240 kwa wakati mmoja au chaneli moja ya TV, sio vyote viwili, ukitaka picha simu zinasubiri. Kwa leo ni kichekesho, ila kumbuka mkongo wa kwanza wa simu chini ya Atlantiki, wa 1956, ulianza na laini 36 tu. Kaliundwa kaishi mwaka mmoja na nusu kakafanya kazi karibu miaka minne. Kalikaa juu ya ikweta, juu ya Atlantiki, na antena yake ilikuwa imeinamishwa kuelekea kaskazini! Marekani upande huu, Ulaya upande ule, nguvu yote huko. Yaani setilaiti ya kwanza ya biashara ilikuja kukaa ikweta kwa sababu fizikia inalazimisha ikae ikweta, ila watu wa ikweta yenyewe haikuwahudumia. Hata Ulaya kwenyewe Waingereza, Wafaransa na Wajerumani walikuwa wanapokezana zamu maana ilikuwa inaunganisha vituo viwili tu kwa wakati, sasa wewe wa Kampala ungeanzia wapi.

Hiyo ndo picha aliyokuwa nayo mtu wa Colombia au wa Kenya kichwani miaka kumi baadaye. Wachache wamefika kwanza, wamechukua nafasi nzuri, na utaratibu wa kimataifa ulikuwa aliyetangulia ametangulia: unapeleka taarifa zako ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano lililopo Geneva, kama hamna aliyekuwahi hapo basi ni pako. Na nafasi sio nyingi kama watu wanavyodhani. Ile duara ni kubwa, mzunguko wake kama kilomita 265,000, magari ya angani hayatagongana, ila mawimbi yanaingiliana. Kwa antena za miaka ile setilaiti mbili zinazotumia masafa yale yale zilitakiwa zikae mbali nyuzi tatu au nne hivi, piga hesabu, nyuzi 360 gawa kwa nne unapata 90. Tisini kwa dunia nzima. Mwaka 1973 ITU wenyewe waliandika kwenye mkataba wao kwamba masafa na obiti hii ni rasilimali asilia zenye kikomo. Maneno ya ITU hayo, sio ya Amin. Kwaiyo wa Bogotá walipoyachukua yale maneno wakauliza, haya, kama ni rasilimali asilia na ina kikomo, rasilimali asilia ni ya nani kama sio ya nchi iliyopo? swali halikuwa la kijinga.

Hoja yao ya pili ilikuwa ya kisheria. Mkataba wa anga za juu wa 1967 unasema hakuna nchi inayoweza kujimilikisha anga za juu, sawa, ila mkataba wenyewe hausemi anga za juu zinaanzia kilomita ya ngapi. Na mpaka leo ninavyoandika hapa hamna mstari uliokubalika kimataifa. Ndege inapita kwenye anga lako unailipisha, kwenye anga za juu huna lako, katikati hapo nani amechora? Wa Bogotá wakasema bila mpaka huwezi kutuambia tayari tumetoka nje ya uzio wetu. Kwa wakili mzuri hiyo ni hoja unaweza kuisimamia mbele ya jaji bila aibu.

Ya tatu ndo iliwamaliza. Walidai hiyo obiti sio sehemu ya anga za juu kabisa kwa sababu inatokana na mvuto wa dunia. Sasa hapa bana. Mvuto wa dunia ni wa dunia yote, milima ya Ulaya na barafu ya Antaktika inavuta ile setilaiti kama inavyovuta Mlima Kenya, hamna mvuto wa Kenya peke yake. Na kama kushikwa na mvuto wa dunia kunakufanya uwe mali ya nchi iliyo chini basi mwezi nao tuugawane, maana nao umeshikwa na mvuto huo huo. Alafu setilaiti yenyewe haijasimama kabisa, inakwenda kilomita tatu kwa sekunde, inaonekana imesimama kwa sababu na sisi tunazunguka nayo. Ukisema "ipo juu ya ardhi yangu" unasema kitu ambacho ni kweli kwa jicho, ila kwa fizikia kina utata mwingi.

Na kuna mambo ya aibu ndogo ndogo. Uganda ilikuwa imeshajiunga na mkataba wa 1967 tangu 1968, yaani imeshaweka sahihi kwamba hakuna kujimilikisha, alafu 1976 inakuja kujimilikisha. Ecuador vile vile. Kenya angalau ilikuwa bado haijajiunga, ikaja kujiunga 1984, na ukishaingia mle madai ya Bogotá yanabaki hewani. Gabon na Somalia zote zinapitiwa na ikweta na hazikuwepo kwenye azimio. Kati ya waliokuwepo ni Colombia na Ecuador waliolibeba mpaka kwenye katiba, ya Colombia ya 1991 kifungu cha 101 mpaka leo kinataja kipande cha hiyo obiti kama sehemu ya Colombia, na ya Ecuador ya 2008 nayo inadai haki juu ya kipande chake. Kwenye karatasi ipo. Angani hamna mtu anayewaomba ruhusa.

Ila kitu ambacho mi naona ndo pigo kubwa kwa azimio lile, na sijaona wengi wakikisema, ni ramani. Setilaiti zilizokuwa zinaihudumia Kenya zilikuwa wapi? Intelsat ya tatu ndo iliyoleta huduma Bahari ya Hindi mwaka 1969, na ikaifanya mitambo ya Intelsat izunguke dunia nzima kwa mara ya kwanza, siku chache tu kabla ya Apollo 11 kutua mwezini. Ilikaa zaidi ya nyuzi 60 mashariki. Hapo chini ni maji, mbali kabisa na Mombasa. Setilaiti za Intelsat za kizazi kile zilikaa juu ya bahari, Atlantiki, Pasifiki na Hindi, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuunganisha mabara. Na azimio la Bogotá lenyewe linasema vipande vilivyo juu ya bahari kuu ni urithi wa binadamu wote! Kwaiyo hata kama dunia nzima ingepiga magoti siku ile ile ikasema sawa, chukueni, Kenya isingepata hata shilingi kutoka kwa setilaiti hizo. Indonesia walichekesha zaidi, walikuwa wamesharusha Palapa yao ya kwanza Julai 1976, miezi mitano kabla ya Bogotá, imeundwa na Hughes hao hao, na waliiweka nyuzi 83 mashariki, juu ya Bahari ya Hindi, nje kabisa ya visiwa vyao. Mdai mwenye setilaiti na hakuiweka kwenye kiwanja anachokidai. Setilaiti zinazokaa juu ya Congo na Uganda na Nakuru zilikuja baadaye, kizazi cha TV za majumbani. Kwa maana hiyo wale wazee waliona mbali, sawa, ila walikuwa wanadai kodi ya nyumba ambayo bado haijajengwa.

Sasa tugeuke upande wa pili, ule ambao wanaoandika "tuliporwa" hawaugusi. Kizazi kile cha setilaiti kwa kweli kiliisaidia Afrika Mashariki kuliko kilivyoiumiza, na kilisaidia hasa kwa sababu ni jiosteshenari. Kabla yake simu ya kwenda nje ilitegemea redio ya masafa mafupi, sauti inakuja inapotea kutegemea hali ya hewa ya juu na saa ya siku. Mwaka 1970 kituo cha Longonot kikafunguliwa pale chini ya mlima, chini ya kampuni ya mawasiliano ya nje ya Afrika Mashariki ambayo Cable & Wireless ya Uingereza ilikuwa na hisa zake humo, na kikahudumia nchi zote tatu za Jumuiya. Madishi ya wakati ule yalikuwa na upana wa kama mita 30, hela nyingi, lakini ni dishi moja! Linatazama upande mmoja, basi, umeunganishwa na yeyote mwenye dishi upande wake. Kama AT&T wangeshinda ile vita ya mwanzo, kila nchi ingehitaji madishi kadhaa ya kukimbizana na setilaiti angani, na mfumo wote ungekuwa wa nchi zenye simu nyingi. Wale vijana wa Hughes hawakuwa wanawaza Nairobi hata kidogo, ila walichokichagua kilimfaa mnyonge.

Na bei za Intelsat zilikuwa sawa kwa kila njia. Laini ya New York kwenda London yenye msongamano na laini ya Nairobi kwenda kokote yenye simu chache zililipiwa kiwango kile kile, yaani wenye simu nyingi walikuwa wanawabeba wenye simu chache. Mikataba ya kudumu ilipoanza kufanya kazi 1973, Marekani wakapunguzwa nguvu, kura zao zikawekewa kikomo cha asilimia 40, na nchi ndogo tano za kanda moja zikaruhusiwa kuungana zikapata kiti kwenye bodi hata kama hisa zao ni za senti. Haikuwa haki kamili. Ila ukiilinganisha na Benki ya Dunia ya miaka hiyo, ilikuwa na nafasi ya mdogo kuongea.

Basi hela ya Mwafrika ilikuwa inaishia wapi? Chini. Sio juu. Simu ya kutoka nchi moja ya Afrika kwenda nyingine miaka hiyo ilikuwa inapitia London au Paris, kwa sababu vituo vilijengwa kufuata njia za mkoloni, na kila anayepitisha anakata chake. Ile setilaiti juu ya Bahari ya Hindi iliona Nairobi na iliona nchi jirani kwa wakati mmoja, kitaalamu hakukuwa na sababu ya kwenda Ulaya, sababu zilikuwa mikataba, hesabu za kugawana mapato na serikali zetu wenyewe, maana shirika la simu lilikuwa ng'ombe wa maziwa wa hazina na bei ya kupiga nje ilipangwa na wizara, sio na Intelsat. Jumuiya ilipovunjika 1977 Tanzania ikaja kuwa na kituo chake Mwenge, Dar, Uganda nao Mpoma, kila mtu na dishi lake. Na hali ikaendelea hivyo, tukiwa tunategemea setilaiti kwa karibu mawasiliano yote ya nje, mpaka mkongo wa SEACOM ulipofika pwani yetu Julai 2009. Karibu miaka arobaini. Wale wa Atlantiki walikuwa na mkongo na setilaiti vikishindana, sisi tulikuwa na kimoja. Ukitafuta kilichotufanya tulipe sana, mi ningeanzia hapo kabla sijafika angani.

Zaire ndo mfano unaouma zaidi. Tarehe 30 Oktoba 1974 Ali na Foreman walipigana Kinshasa saa kumi alfajiri, saa ya ajabu, kwa sababu Marekani ilikuwa bado usiku na watu wamejaa kwenye kumbi wakitazama picha zinazopitia setilaiti. Ratiba ya mji mzima wa Afrika imepangwa kwa saa za mtazamaji wa New York. Mobutu alipata jina lake. Miaka miwili baadaye serikali ile ile inakwenda Bogotá kudai obiti, wakati nchi yenyewe mtu wa Kisangani kumpigia mtu wa Lubumbashi ni shughuli. Sisemi hawakuwa na haki ya kudai, nasema kama una pesa ya kudai kilomita elfu thelathini na tano juu basi na ile ya chini uishughulikie.

Hata hivyo siwezi kusema Bogotá ilikuwa kelele za bure, na hapa ndo natofautiana na wale wa vitabu. Yale madai yalishindwa kama madai ya umiliki ila yalifanya kazi kama shinikizo. Mjadala wa "aliyetangulia ametangulia" haukufa, nchi zinazoendelea ziliubeba ITU mwaka baada ya mwaka, na kwenye mikutano miwili ya obiti ya 1985 na 1988 dunia ikakubali mpango: kila nchi mwanachama, iwe na roketi isiwe nayo, iwe ikweta iwe ncha ya kaskazini, inatengewa nafasi angalau moja na masafa yake, inasubiriwa. Mpango huo upo mpaka leo kwenye kanuni za redio za ITU, kiambatanisho 30B. Rwanda inayo, Burundi inayo, Tanzania inayo. Wa ikweta walidai yao peke yao, wakakosa, kikapatikana kitu kwa wote. Kama ungekuwa mjumbe wa Uganda 1976 ungejisikiaje sijui, ila kama ni mtu wa Malawi ungewashukuru.

Tatizo la nafasi hizo ni kwamba nyingi zimekaa tu. Setilaiti moja ya mawasiliano, na roketi na bima, ni mamia ya mamilioni ya dola. Afrika ilipojaribu kuungana na kurusha yake ya pamoja, RASCOM, ilipanda Desemba 2007 na gesi ya heliamu ikaanza kuvuja mapema, umri ukakatwa vibaya, ikabidi irushwe nyingine 2010. Nigeria ya 2007 nayo ilizimika mwaka uliofuata, 2008. Nafasi ilikuwepo. Na kitu ambacho ikweta ingeweza kutuuzia bila mabishano ya kisheria ni ardhi na bahari yake ya karibu, maana kurusha roketi kutoka ikweta unapata msukumo wa bure wa mzunguko wa dunia. Wafaransa wana Kourou, nyuzi tano tu kaskazini ya ikweta, na wameijengea biashara kubwa. Kenya ilikuwa na jukwaa la San Marco pale baharini karibu na Malindi kabla yao, Waitaliano wakirusha kutoka hapo tangu miaka ya sitini, ile setilaiti ya Uhuru ilipanda hapo tarehe 12 Desemba 1970, ikapewa jina kwa heshima ya siku yenyewe. Ardhi hiyo ni ya Kenya bila utata wowote wa fizikia. Mbona hatukuona azimio kali kuhusu Malindi?

Waliocheza mchezo vizuri zaidi ni watu ambao hata hawakuwepo Bogotá. Tonga, kaufalme ka visiwa Pasifiki, mwishoni mwa miaka ya themanini walikwenda ITU na kanuni ile ile ya aliyetangulia, wakaomba nafasi 16 za obiti juu ya Pasifiki, setilaiti hawana hata moja. Intelsat wakaja juu kwamba hii ni ulanguzi. Baada ya mabishano Tonga wakabaki na sita, wakaanza kuzikodisha. Hawakudai umiliki wa chochote. Walisoma kanuni za wakubwa wakazitumia kama wakubwa wenyewe wanavyozitumia, na mtu aliyekaa Geneva akiwa na fomu akapata zaidi kuliko nchi nane zilizokaa Bogotá na azimio.

Na mchezo huo umehamia chini saivi, kwenye obiti za Starlink na wenzake, kule kule ambako AT&T walitaka waende 1962, na ambako kudai "juu ya ardhi yangu" hakuna maana tena kwa sababu setilaiti inakatiza Kenya kwa dakika chache tu na imekwenda. Kanuni imebaki ile ile ya kuwahi fomu. Oktoba 2021 Rwanda ilipeleka ITU maombi ya setilaiti zaidi ya 300,000, kwa kushirikiana na kampuni ya E-Space. Baadhi ya wataalamu walilalamika kwamba ni setilaiti za makaratasi, kwamba haziwezekani, kwamba ni kuziba njia ya wengine. Inawezekana wako sahihi, na mi nadhani nyingi kati ya hizo hazitaruka kamwe. Ila kuziba njia kwa karatasi ni ujanja ambao nchi kubwa zimeutumia Geneva kwa miaka mingi, na Kigali walichofanya ni kujaza fomu ile ile.